Lulu ya Ishirini na Saba

Kidani kilikuwa na joto.

Lulu ya kweli ukiishika asubuhi huwa baridi kama pua ya paka. Inakaa kiganjani kwanza, inakusoma, ndipo inapoanza kuchukua joto lako. Hizi zilitoka ndani ya kopo la bati, zimeviringishwa kwenye leso ya zamani, asubuhi ya mvua, na zilikuwa vuguvugu kama vile kuna mtu amezivua shingoni dakika hiyo hiyo.

"Umekuja umekivaa?" Jicho alimuuliza mwenye mali.

"Sijawahi kukivaa hata siku moja," alijibu yule mama. Alikuwa mwalimu mstaafu, mwembamba, ameketi na mkoba magotini kama mtahiniwa anayesubiri karatasi. "Kilikuwa cha mama, na kabla ya mama kilikuwa cha bibi. Mjukuu wangu anaolewa, anakitaka. Nataka kujua kama ni cha kweli au cha kudanganyia macho, na kina umri gani. Na uzi wake umechakaa, mnibadilishie."

"Tutakibadilisha."

"Mama alikuwa akisema kina mwenyewe."

"Kila kitu kina mwenyewe, Mwalimu," Jicho alisema huku akivuta taa karibu. "Ndiyo maana tunaandika risiti."

Jina la Jicho alipewa na mtaa. Kwa miaka thelathini alikuwa akitazama vito kupitia lenzi iliyobanwa kwenye jicho la kushoto, mpaka nyusi ya upande huo ikapanda juu na kukaa huko moja kwa moja, hata akinywa chai ungedhani anakutilia shaka. Duka waliachiwa na baba yao, yeye na mdogo wake wa kiume. Jicho alitazama, mdogo wake akatengeneza. Karakana ya mdogo wake ilikuwa nyuma ya pazia la kijani, na watu walimwita Sonara tu. Yeye na mkewe walilala ghorofani. Jicho, ambaye hakuolewa, alilala chumba cha chini kando ya ngazi. Wazazi wao walipokufa Sonara alikuwa na miaka tisa, na ni Jicho aliyemfunga kamba za viatu, akamsomesha, akamwozesha.

Alizihesabu lulu: hamsini na tatu. Ndogo zilianzia nyuma ya shingo, zikikua kidogo kidogo mpaka ya ishirini na saba, ile ya katikati, kubwa kama punje ya mbaazi, yenye uwaridi wa ukucha wa mtoto mchanga. Kibanio kilikuwa cha fedha, cha juzi juzi kuliko lulu zenyewe. Aliyapima matundu kwa lenzi: membamba mno, yametobolewa kwa mkono kutoka pande mbili mpaka yakakutana katikati, na hayakukutana sawasawa. Mashine haikosei hivyo. Mwisho alifanya alichofundishwa na baba yake. Aliichukua ile ya katikati akaisugua taratibu kwenye meno ya mbele. Ya kioo huteleza. Ya kweli hukwaruza, kama mchanga laini.

*Krr. Krr.*

Akaitoa mdomoni. Ile sauti ikaendelea. *Krr*, mara moja zaidi, kisha ikanyamaza.

Jicho alimtazama Mwalimu. Mwalimu alikuwa akitazama mvua.

"Ni za kweli," Jicho alisema, na sauti yake ikatoka kavu kuliko alivyotaka. "Zote. Ni za baharini, hakuna aliyezifuga. Miaka mia na hamsini, si chini ya hapo." Akaandika hati, akatia sahihi, akagonga muhuri. Mwalimu alipoondoka, kidani kikapelekwa nyuma ya pazia.

Kubadilisha uzi wa lulu hamsini na tatu, fundo moja kati ya kila mbili, ni kazi ya nusu siku kwa mtu hodari. Sonara alitumia siku mbili. Siku ya pili jioni alipanda kula na hakusema neno. Mkewe, ambaye angeweza kumchekesha hata mdai wa kodi, alimsogezea sahani.

"Mume wangu siku hizi anatafuna maneno yake mwenyewe," alimwambia Jicho. "Wifi, mwulize wewe. Labda dada yake atamjibu."

"Jino linaniuma," Sonara alisema. Alisema kwa taabu, ulimi umelala upande mmoja, kama mwenye pipi mdomoni.

"Nenda kwa daktari wa meno."

"Litapoa."

Usiku huo huo ndipo harufu ilipoanza. Kwanza Jicho alidhani ni mfereji. Asubuhi ilikuwa imeshuka ngazi, ikaingia dukani, ikakaa. Ilikuwa harufu ya chaza waliofunguliwa wakaachwa juani: chumvi, uozo, na kitu kitamu chini yake. Wifi yake alipiga deki kwa sabuni, akapiga tena kwa siki, akafungua madirisha yote ingawa mvua iliingia. La kuvunda halina ubani. Kufika adhuhuri aliketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, mkono shingoni.

"Wifi," alisema kwa sauti ya chini. "Hebu nitazame hapa. Kuna kitu kinanibana."

Jicho hakuona kitu. Alimwambia akapumzike. Baadaye alijiuliza mara nyingi kama angemwambia atoke nje ya nyumba ile, aende hata kwa jirani, mambo yangekuwa mengine.

Alasiri umeme ukakatika. Jicho alikuwa akifunga sefu aliposikia.

*Krr. Krr. Krr.*

Ilitoka nyuma ya pazia. Haikuwa sauti ya tupa juu ya dhahabu, wala ya msasa. Sauti hizo alizijua kama mtu ajuavyo kikohozi cha ndugu zake. Hii ilikuwa na unyevu ndani yake. Aliita jina la mdogo wake. Akavuka duka hatua kwa hatua, harufu ikimzidi kila hatua, mpaka macho yakaanza kumtoka machozi na pazia likawa mbele ya uso wake, na pazia lile, katika duka lisilo na upepo, lilikuwa likivutwa ndani na kuachiwa, likivutwa na kuachiwa, kama kuna mtu mkubwa nyuma yake anayepumua.

Akalifungua.

Wifi yake alikuwa amepiga magoti mbele ya jiwe la kunolea patasi. Alikuwa amelikumbatia kwa mikono miwili, na alikuwa akisugua meno yake juu yake, kwenda na kurudi, kwa bidii na utulivu wa mtu anayefua nguo. Damu ilikuwa imetiririka mpaka kwenye viwiko. Vipande vyeupe vilikuwa vimetapakaa sakafuni. Sonara alisimama pembeni ameshikilia kiti, uso umekuwa majivu.

"Mke wangu," alikuwa akinong'ona, "mke wangu, acha."

Mwanamke akaacha. Akageuka. Meno mawili ya mbele yalikuwa yamebaki visiki, na kupitia pengo lile ilitoka sauti isiyokuwa ya kike wala ya kiume, sauti ya mtu anayesema akiwa na maji kooni.

"Hii hukwaruza," ilisema. "Hii ni ya kweli. Iko wapi ya kweli yangu?"

Kabla Jicho hajapata pumzi, mkono wa wifi yake, ule mkono mwembamba uliokuwa ukishindwa kufungua chupa ya jemu, ulimshika Sonara kifundo cha mkono na kumtupa. Hakumsukuma, alimtupa, mtu mzima mwenye kilo tisini, akapiga mgongo kwenye meza ya kazi na meza ikapasuka, na alipojaribu kuinuka alikanyagwa mkono wa kushoto, kisigino kikizungushwa polepole juu ya vidole, na Jicho akasikia kimoja, kisha cha pili, vikivunjika kama vijiti vya kiberiti. Jicho akamrukia wifi yake mgongoni. Akapigwa kiwiko cha mbavu akaanguka. Alipoinua macho, yule mwanamke alikuwa amesimama wima, kichwa kimerudi nyuma, na kwenye shingo yake kulikuwa na kitu kinachoota.

Vilikuwa vivimbe. Vidogo, vya mviringo, vimejipanga chini ya ngozi kutoka kisogoni kuja mbele, kila kimoja kikiwa kikubwa kidogo kuliko kilichotangulia. Vilipokutana mbele, chini kabisa ya koo, palikuwa na nafasi tupu.

Jicho alitoka nje mbio.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na kinyozi, mtu mfupi mwenye mafua yasiyopona, ambaye mtaa ulimjua kwa mikasi kabla haujamjua kwa majini. Alimkuta akifagia nywele. Hakuhitaji kumweleza mengi. Kinyozi alinusa mkono wa gauni la Jicho, akaweka ufagio chini.

"Kuna kitu cha watu kimeingia humo ndani?"

"Kidani cha lulu."

"Cha nani?"

"Cha mteja."

"Siulizi mteja," kinyozi alisema. Akachukua bakuli la maji, akamimina chumvi, akavuka naye mvuani.

Walimkuta mwanamke amesimama pale pale. Sonara alikuwa amejikunyata chini ya dirisha, mkono uliovunjika ameukumbatia kifuani, midomo ameifunga kabisa. Kinyozi hakusogea karibu. Aliketi sakafuni, bakuli mbele yake, akasoma dua kwa sauti ya chini, akapenga kamasi, akaendelea. Maji kwenye bakuli yakaanza kutetemeka.

"Nani anasema?" kinyozi aliuliza.

"Mwenyewe."

"Huyu dada amekukosea nini?"

"Hajanikosea. Huyu ni mlango tu."

"Basi mlango haupigwi. Sema unataka nini, umwachie."

Kichwa kikageuka kwa Jicho. Macho ya wifi yake yalikuwa yamepanda juu, weupe mtupu, lakini alihisi anatazamwa.

"Huyu alinihukumu vizuri," ilisema ile sauti. "Alisema kweli. Alinipa miaka yangu, karibu. Ahukumu tena. Akisema kweli, natoka. Akisema uongo, nitafunga."

"Utafunga nini?" Jicho alinong'ona.

Vivimbe vikasogea. Vilijivuta kuelekea ndani vyote kwa pamoja, na wifi yake akatoa mlio mwembamba kama wa birika, ulimi ukachungulia.

Kidani kilikuwa kwenye kitambaa, juu ya upande wa meza uliobaki umesimama, uzi mpya unang'aa. Jicho alibana lenzi jichoni. Akaegemeza viwiko. Aliipitia lulu moja moja kama siku ya kwanza: matundu membamba, sawa, rangi, sawa, mafundo, sawa, mazuri, yamekaza. Alipofika ya ishirini na saba alisimama.

Uwaridi ulikuwepo, lakini ulikuwa juu tu, kama rangi ya mdomo. Kwenye ukingo wa tundu rangi ilikuwa imebanduka chembe moja, na chini yake kulimeta kioo. Tundu lenyewe lilikuwa pana na limenyooka. Kazi ya mashine. Hakuhitaji kuisugua menoni, lakini aliisugua. Iliteleza.

Kisha akatazama mafundo mawili yaliyoizunguka. Yalikuwa yamesokotwa kinyume, kwa mkono wa kushoto, kama mengine yote hamsini. Hakuna mtu mwingine aliyeufungua uzi huu. Mdogo wake, akiwa mtoto, alipigwa sana shuleni kwa kuandika kwa mkono ule, na yeye, Jicho, ndiye aliyekwenda kugombana na mwalimu wake.

Akainua uso. Sonara alikuwa akimtazama. Akatikisa kichwa kidogo tu, hapana.

"Dada," alisema, maneno yakigonga kitu mdomoni mwake. "Mwambie ni vile vile. Mwambie hakuna kilichobadilika."

"Umeiweka wapi?"

"Dada, ninakuomba."

"Kwa nini?"

"Ulishatia sahihi! Ulishagonga muhuri!" Machozi yalikuwa yakimtoka. "Nani huhesabu baada ya wewe kutazama? Maisha yangu yote ninafunga mafundo ya watu. Niliitaka hiyo moja. Moja tu, iwe yangu."

Nyuma yao mlio wa birika ulikatika. Wifi yake hakuwa na pumzi ya kulia tena. Uso ulikuwa umegeuka rangi ya biringanya, miguu ikipiga sakafu kwa mapigo madogo, na Jicho, aliyekuwa amesimama katikati ya mume na mke, aliona kwamba ana neno moja tu la kutoa, na kwamba popote litakapoangukia litaua, na kwamba akisema uongo ule alioombwa na mtoto aliyemlea hakuna atakayejua isipokuwa yeye, na kinyozi, na kile kilichokuwa kikisubiri ndani ya shingo ya mtu asiye na hatia. Damu ni nzito kuliko maji, ndivyo wasemavyo. Lakini damu iliyokuwa sakafuni ilikuwa ya wifi yake.

"Hamsini na mbili ni za kweli," alisema. "Ya ishirini na saba ni bandia. Kioo kilichopakwa. Umri wake hauzidi siku mbili."

"Nani?"

Jicho alifumba macho. "Fundo ni la mkono wa kushoto."

Wifi yake alianguka kama nguo iliyotoka kwenye msumari, akavuta pumzi ndefu yenye mkwaruzo. Kinyozi akamburuta pembeni. Hapo ndipo Sonara alipofanya kosa lake la mwisho: alifunga mdomo, akainua kidevu, akameza.

Kile kitu kikamgeukia.

Jicho hakuona mtu wala mkono. Aliona taya la mdogo wake likifunguka, likaendelea kufunguka, likapita pale taya linapokoma, mpaka kitu kikalia *kwak* karibu na sikio na taya likaning'inia. Aliona mashavu yakitanuka, kisha shingo, kama nyoka anayemeza, ila hiki kilikuwa kikishuka kutafuta. Sonara aliinuliwa kwa kile kilichokuwa ndani yake mpaka vidole vya miguu vikaacha sakafu, akapigizwa ukutani mara moja, mara mbili, plasta ikamwagika, na mikono yake, ule mzima na ule uliovunjika, ikipapasa hewa mbele ya mdomo wake ikijaribu kushika mkono usioshikika. Meno yaliruka moja baada ya jingine. Kinyozi alikuwa akisoma kwa sauti kubwa sasa, kamasi na machozi usoni, na Jicho alikuwa amemshika mdogo wake kiunoni akimvuta chini kwa uzito wake wote, akipiga kelele, "Chukua! Ni yako, chukua, mwache!" na akihisi kupitia tumbo lile kitu kinachopekua, kinachopangua, kinachosogeza hiki na kile bila haraka, mpaka kikapata.

Kikatoka kwa mpigo mmoja. Damu iliruka hadi kwenye dari. Kitu kidogo kikaanguka ndani ya bakuli la maji ya chumvi, *tin*, kikazama, na maji yaliyogeuka mekundu kwa damu yakawa meupe tena, safi, na katikati yake ile lulu ya waridi imetulia.

Harufu ikaondoka. Pazia likanyooka.

"Ametoka?" Jicho aliuliza akiwa bado amemkumbatia mdogo wake.

Kinyozi alikuwa akikusanya dua zake kama mtu anayekusanya vyombo vya watu. "Mimi sijamtoa," alisema. "Umemlipa wewe. Hayo ni mambo mawili."

Sonara hakufa. Hospitali walimfunga taya kwa nyaya, wakamshona koo, wakasema ni ajali ambayo hawajapata kuiona, na Jicho akawaacha waamini walivyotaka. Sauti haikurudi. Siku ya tatu Jicho aliketi peke yake akafunga upya mafundo yote kwa mkono wake wa kulia, vibaya, kwa sababu hakuwahi kuwa fundi, akampelekea Mwalimu kidani nyumbani na kumwambia kila kitu bila kuficha.

"Usimpe mjukuu wako," alimalizia.

Mwalimu alizihesabu lulu polepole, midomo ikicheza. Zilipotimia hamsini na tatu alifunga kopo. "Mjukuu wangu ana makosa mengi," alisema. "Ila mwizi si yeye. Atakivaa."

Duka likafunguliwa tena. Wifi yake alipona haraka kuliko walivyotarajia. Akawekewa meno, akarudi kaunta, akarudi kwenye utani. Naye hakumwacha mumewe. "Nimwache, nani amkorogee uji?" alisema. Lakini Jicho aliona mambo. Siku moja kijana alileta pete, akaapa ni ya marehemu nyanya yake, na wifi yake, aliyekuwa akipiga hesabu ya sabuni bila kuinua kichwa, akasema, "Ya mwaka jana." Jicho akatazama kwa lenzi. Ilikuwa ya mwaka jana. Siku nyingine mama mmoja hakuwa hata amefungua mkoba. "Hiyo ni ya kweli," wifi yake alimwambia kutoka mlangoni, "lakini mawe mawili umebadilisha." Mama yule alitoka bila kuaga. Huyu ni mwanamke ambaye miaka kumi na mbili ya ndoa hakuweza kutofautisha lulu na punje ya mchele, na alikuwa akijisifia hivyo.

Sonara alirudi nyumbani mwezi wa pili tangu siku ile. Alishinda ameketi jikoni karibu na dirisha, kitabu cha mistari na kalamu mbele yake. Mara nyingi hakuandika. Jicho alimlisha, alimfuta kidevu, na hawakutazamana machoni.

Asubuhi moja, mkewe akiwa amewapa mgongo anaosha vikombe, Sonara aliandika mstari mmoja, akachana karatasi, akamsogezea dada yake. Mwandiko ulikuwa umepinda, kwa kuwa vidole viwili viliunga vibaya.

*Nimekusamehe, dada. Ulifanya lililo sawa.*

Jicho alisoma mara mbili. Alinyoosha mkono kuushika ule wa mdogo wake, na Sonara akatabasamu, tabasamu pana la meno mapya, na akamwachia aushike.

Maji bombani yakaacha kutiririka. Wifi yake hakugeuka. Hakuwa ameiona karatasi, na hakuna aliyeisoma kwa sauti. Kikombe kilibaki hewani mkononi mwake, kikidondosha povu, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtu anayesema akiwa na maji kooni.

"Bandia," alisema. "Ya leo asubuhi."